Jinsi ya kubalansi spika za ndani na za nje kwenye RV: mwongozo kamili

Tatizo lenyewe kwenye RV, yaani gari la safari lenye vitanda na jiko ndani, liko hivi. Watu mmekaa nje chini ya turubai la pembeni, muziki unasikika kwa mbali, mtu anaingia anapandisha redio, nje sasa ndo kunaanza kunoga lakini ndani hakukaliki, aliyelala kaamka na anayepika hasikii hata anachoambiwa. Mnashusha, ndani panatulia, nje panakuwa kimya. Safari nzima inakuwa kazi ni hiyo hiyo ya kupandisha na kushusha.

Wengi wakifika hapo wanaamini spika za nje ni mbovu na wanaenda kununua kubwa zaidi. Zinaweza zikawa mbovu kweli, na tutazicheki, ila mara nyingi shida ipo kwenye namna sauti inavyogawanywa kati ya ndani na nje. Na dawa yake ni moja ambayo nitairudia humu mpaka ikukae: panga nje kwanza, alafu punguza ndani. Ukianza kwa kuweka ndani vizuri ndo uje kulazimisha nje ipande, utaishiwa nguvu ya redio kabla hujafika unakotaka.

Kwa nini nje inameza sauti

Ndani ya RV ni chumba kidogo, kuta na dari viko karibu, sauti inagonga inarudi, kwa hiyo hata spika ndogo inajaza. Nje hakuna kinachorudisha. Kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika unapoteza kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti): ukipata 70 ukiwa mita 2, mita 4 utapata kama 64, mita 8 kama 58. Besi ndo inaumia zaidi maana ndani ilikuwa inasaidiwa na kuta, nje imebaki yatima. Ongeza upepo, jenereta, watoto wanaocheza, unakuta muziki unashindana na vitu vingi.

Alafu kuna hesabu ya wati ambayo watu hawaipendi lakini ukiielewa mambo mengi yanajieleza. Kuongeza desibeli 3 kunataka wati mara mbili. Kuongeza desibeli 10, ambazo sikio linazisikia kama sauti imekuwa mara mbili hivi, kunataka wati mara kumi. Redio nyingi za magari zilizoandikwa 50 x 4 kwa nje, ukizipima kwa kazi ya kuendelea bila kukwaruza zinatoa kama wati 15 mpaka 20 kwa kila chaneli. Sasa kama spika za nje ziko nyuma kwa desibeli 10, hiyo redio itoe wapi wati 150? Haiwezi. Ila kupunguza ndani desibeli 10 ni bure kabisa, hakuhitaji wati hata moja. Ndo maana nasisitiza tupunguze ndani.

Hatua ya 1: jua redio yako inagawaje sauti

Usishike bisibisi bado. Washa redio, weka wimbo unaoujua vizuri, alafu cheza na setingi uone nini kinaathiri nini.

Kuna RV zenye redio ya zoni ambayo kila zoni (sehemu kama ndani au nje) ina volyumu yake. Ingia kwenye menyu, au bonyeza kitufe cha zoni alafu zungusha volyumu uone kama inabadilika zoni moja tu. Kama ndivyo una bahati, kazi yako kubwa ni kupima, ruka uende hatua ya 4 ila pitia na ya 3.

Aina ya pili ina vitufe vya A, B na labda C, lakini ni vya kuwasha na kuzima tu, volyumu ni moja kwa zote. Hii ndo inayosumbua watu sana. Hapa fanya jaribio dogo, acha A peke yake ikiwa imewaka alafu washa na B. A ikishuka waziwazi, kuna uwezekano mkubwa spika zimeunganishwa kwa mfululizo zinagawana umeme. A isiposhuka lakini redio inachemka na kujizima ukiipandisha juu, shuku kwamba zimeunganishwa sambamba na mzigo umeizidia.

Aina ya tatu ni redio ya kawaida ya gari yenye mbele na nyuma, ambapo fundi aliunganisha za ndani kwenye mbele na za nje kwenye nyuma. Ingia kwenye feda, setingi ya kugawa sauti kati ya mbele na nyuma, sogeza mpaka mwisho wa nyuma. Kama ndani kumenyamaza na nje kunalia, mambo ni mepesi. Kama ukisogeza feda hakuna kinachobadilika ila ukisogeza balansi ya kulia na kushoto ndo nje inazima, basi za nje ziko upande mmoja na za ndani upande mwingine, inafanya kazi lakini kila sehemu inapata nusu ya muziki. Nyimbo zingine utakuta gitaa halipo kabisa nje. Kama redio ina mono (setingi ya kutoa sauti yote kila upande), iwashe. Kama haina, ni bora kuhamisha waya.

Na ya mwisho ni ile ya spika zote kubandikwa kwenye waya mbili za kushoto na mbili za kulia, ndani na nje pamoja. Hapo hakuna setingi yoyote kwenye redio itakayokusaidia, ni lazima ufungue.

Hatua ya 2: angalia waya

Zima redio, chomoa fyuzi yake, alafu itoe kwenye tundu lake taratibu maana waya za nyuma huwa fupi. Kwenye redio nyingi za kununua dukani rangi ziko hivi: njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni umeme wa kuwashia, nyeusi ni ardhi, nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ni hasi ya spika hiyo. Hiyo ni upande wa redio lakini, upande wa gari rangi zinaweza kuwa chochote alichokuwa nacho fundi siku hiyo, kwa hiyo usiamini rangi, fuatilia.

Piga picha kabla hujachomoa chochote. Kweli, piga hata tatu.

Sasa chomoa waya za spika kwenye redio na upime kila jozi kwa multimita kwenye ohm. Spika ya 4 ohm itasoma kama 3.2 mpaka 3.8, ya 8 ohm itasoma 6 mpaka 7 na kitu. Ukipata 1.6 au 1.8, hapo kuna spika mbili za 4 ohm zimeungwa sambamba na redio inaona kama 2 ohm, ambayo redio nyingi hazijatengenezwa kuibeba, zinataka 4 mpaka 8. Ukiona mita haisomi kitu kabisa, waya imekatika mahali au spika imeungua.

Jambo moja la kuwa makini nalo kupita yote humu. Redio za kisasa zinaendesha spika kwa waya zote mbili, hasi ya spika sio ardhi. Ukitaka kuthibitisha, rudisha fyuzi, washa redio, weka mita kwenye volti DC na upime kati ya waya yoyote ya spika na ardhi, utakuta kama volti 6 hivi, yaani nusu ya betri, na kwenye hasi utakuta vile vile. Ndo maana hupaswi kabisa kuunganisha hasi za kulia na kushoto pamoja, wala kuzigusisha kwenye bodi ya gari, na ukinunua kiboksi cha kuchagulia spika ambacho ndani yake kimeunganisha hasi zote, kitaiua redio. Uliza kabla hujalipa.

Watu wengine wanalaumu waya ndefu nyembamba zinazoenda nje. Waya ya milimita za mraba 0.8 yenye urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi ina kama ohm 0.4, kwa spika ya 4 ohm unapoteza chini ya desibeli 1. Haisikiki. Kama una nafasi weka ya 1.5, ila usitegemee muujiza.

Hatua ya 3: hakikisha spika za nje zenyewe ni nzima

Hakuna maana ya kubalansi spika iliyokufa nusu. Fungua skrubu za mbele utoe spika moja ya nje uiangalie. Karatasi ya spika ishike kwa vidole viwili pande zote mbili, isukume ndani polepole, isikwaruze. Angalia ile raba au sponji inayozunguka karatasi, jua likiipiga kwa misimu kadhaa inakuwa ngumu na inapasuka kwenye mkunjo, na ikishapasuka besi imeondoka hata ukiweka wati mia. Angalia na vituo vya waya kwa nyuma, ukiona kutu ya kijani kijani ujue maji yanaingia, sugua, kata kipande cha waya kilicholiwa, weka kiunganishi kipya na gasketi nzuri. Ukibadilisha spika za nje chukua zile za boti, zinavumilia maji na jua. Na angalia namba ya usikivu kwenye karatasi ya maelezo yake, ile ya desibeli kwa wati 1 mita 1. Yenye 90 badala ya 87 inakupa kitu kile kile ambacho kingekugharimu wati mara mbili.

Alafu polariti. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwenye waya unayodhani ni chanya ya spika, sekunde moja tu. Karatasi ikiruka kwenda nje uko sawa, ikivutwa ndani umegeuza. Spika mbili za nje zikiwa moja imegeuzwa, besi zao zinauana hewani na mtu anakaa katikati anashangaa mbona sauti nyembamba kama ya simu. Hili ni kosa la kawaida mno kwenye RV na marekebisho yake ni dakika tano.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakiangalii na kinaharibu hesabu yote. Nyuma ya spika ya nje kuna nini? Mara nyingi hakuna kitu, spika imechomekwa kwenye tundu la ukuta na mgongo wake unaangalia uwazi wa ukutani au kabati, kwa hiyo nusu ya sauti inaingia ndani ya gari. Unakuta umezima za ndani zote na bado aliyelala anasikia besi inagonga ukutani. Weka kikombe cha sponji kinachotengenezwa kwa ajili ya spika, au bandika karatasi ya butili (raba inayonata) kuzunguka tundu kwa ndani, na uziba nafasi kati ya pete ya spika na ukuta kwa ukanda wa sponji. Faida ni mbili, ndani panatulia, na nje besi inaongezeka maana sauti ya mgongoni haichanganyiki tena na ya mbele.

Hatua ya 4: pima, usikisie

Masikio yanazoea haraka. Ukikaa nje nusu saa alafu ukaingia ndani kila kitu kitaonekana kelele. Kwa hiyo pakua app ya kupima desibeli kwenye simu. Kipaza cha simu sio sahihi sana kwa namba kamili lakini sisi tunatafuta tofauti kati ya ndani na nje, na kwa hilo kinatosha kabisa mradi utumie simu ile ile, ukiwa umeishika vile vile.

Usipimie muziki, unapanda na kushuka. Tafuta pinki noizi, ile sauti ya shhh inayofanana na mvua kubwa, iko bure kwenye intaneti na iko sawa muda wote. Weka app kwenye kusoma polepole, chukua wastani wa nusu dakika.

Sehemu za kupimia: ndani pima kwenye kiti watu wanachokaa na kwenye kitanda, mlango umefungwa. Nje pima pale viti vinapokaa kweli, sio ukiwa umebandika simu kwenye spika. Kama mnakaa mita 3 kutoka ukutani, pimia hapo. Andika na kelele ya mazingira redio ikiwa imezimwa, na kama mna kawaida ya kuwasha jenereta, iwashe uandike na hiyo.

Na fanya yote haya ukiwa kwenye betri, bila kuchomeka umeme wa nje. Chaja ikiwa inafanya kazi volti ziko kama 13.6 mpaka 13.8, kwenye betri zinashuka kuelekea 12, na amplifaya ya kawaida ya redio kwa volti 12 inatoa kama robo tatu ya ilizotoa kwa 13.8. Ukipangia kwenye umeme wa nje, jioni mkiwa porini nje itaanza kukwaruza mapema.

Hatua ya 5: panga nje kwanza

Feda weka katikati, zoni zote sawa, loudness (setingi ya kukuza besi sauti ikiwa chini) zima, besi na sauti za juu weka sifuri. Kama unatumia simu kwa bluetooth, volyumu ya simu iweke kama asilimia 85 na uiache hapo. Watu wengi simu iko nusu alafu redio iko mwisho, wanapata kelele ya shhh na muziki dhaifu.

Sasa nenda nje, mwenzako apandishe redio polepole mpaka unapata kiwango mnachokitaka pale kwenye viti. Mimi kwa watu wanaoongea naona 65 mpaka 70 kwenye simu inatosha, muziki upo na hamhitaji kupaza sauti. Sikiliza kama inakwaruza kwenye sauti za mwimbaji au ngoma inapasuka. Ikikwaruza kabla hujafika, punguza besi kwanza ndo ujaribu tena, maana besi ndo inayokula wati zote. Ukifika bila kukwaruza andika namba ya volyumu, tuseme 22. Hiyo ndo itakuwa namba yako ya nje.

Kama umefika robo tatu ya volyumu, nje bado haitoshi na imeanza kukwaruza, redio peke yake haitaweza. Nenda kwenye sehemu ya amplifaya hapo chini.

Hatua ya 6: sasa punguza ndani

Acha redio kwenye ile 22, ingia ndani, funga mlango, pima. Labda utakuta 80. Unataka ngapi? Kwa watu wanaopika na kuongea 60 mpaka 65, kwa mtu anayelala chini zaidi au sifuri. Tofauti ndo unayotakiwa kuiondoa, hapo ni desibeli 15 mpaka 20. Njia ya kuiondoa inategemea ulichokikuta hatua ya 1.

Redio ya zoni zenye volyumu zake: shusha ya ndani mpaka ufike. Imeisha.

Redio ya feda: sogeza feda kuelekea upande wa nje, alama moja moja, huku unapima ndani. Kitu kizuri cha feda ni kwamba haiongezi upande unaoelekea, inapunguza ule unaouacha, kwa hiyo nje inabaki pale pale ulipoiweka. Kwenye redio nyingi alama za mwanzo zinapunguza kidogo kidogo alafu za mwisho zinashuka kwa ghafla, nenda taratibu ukikaribia mwisho.

Vitufe vya A na B bila volyumu, au spika zote kwenye waya moja: hapa unahitaji kidhibiti cha sauti kwenye waya zinazoenda spika za NDANI. Naandika kwa herufi kubwa maana wengi wanakifunga kwenye za nje kwa sababu ndo karibu na mlango, alafu wanashangaa mbona nje imezidi kuwa dhaifu. Kuna aina mbili. L-pad inapunguza kwa kuchoma umeme uliozidi, ni rahisi na ndogo, ila inunue ya ohm sawa na spika yako na wati zisizopungua za redio. Aina ya transfoma haipotezi umeme mwingi kwa joto na inashuka kwa ngazi, ni kubwa kidogo, inataka tundu la ukutani lenye kina. Zote mbili chukua ya stirio yenye vituo tofauti vya hasi kwa kulia na kushoto, kwa sababu ile niliyoeleza hatua ya 2. Funga karibu na kitanda au jikoni, aliye ndani ajishushie mwenyewe bila kugusa redio.

Kuna na njia ya rezista, ya kudumu, haina kitufe. Spika ya 4 ohm ukiiwekea rezista ya 4 ohm kwa mfululizo inapata robo ya wati ilizokuwa inapata, yaani inashuka desibeli 6. Kama redio inatoa wati 15, rezista itachoma chini ya wati 4, kwa hiyo ya wati 10 ya seramiki inatosha, ila inapata moto, usiilaze juu ya sponji wala mbao, ifunge kwenye chuma. Desibeli 6 mara nyingi hazitoshi peke yake lakini zinasaidia ukiwa na feda yenye hatua chache.

Angalizo kwa waliokuta 2 ohm. Usidhani rezista inakuponya. Ndani 4 na rezista 4 ni 8, sambamba na nje 4, jumla inakuja kama 2.7, bado chini ya 4. Kama spika zote ni 8 ohm ni salama, 8 na rezista 8 ni 16, sambamba na 8 ni kama 5.3. Mwenye spika za 4 ohm zote atenganishe chaneli, ndani ziende mbele, nje ziende nyuma, na kama redio ina chaneli mbili tu basi abadilishe redio au aongeze amplifaya.

Amplifaya ya nje

Kwa maoni yangu hii ndo suluhisho bora kwa anayekaa nje sana, na siku hizi kuna ndogo za daraja D za volti 12 zinazoingia kwenye droo. Redio inabaki na za ndani, amplifaya inachukua za nje, kila moja na nguvu yake.

Kama redio ina matundu ya RCA nyuma (yale ya duara ya kupeleka sauti kwenye amplifaya), tumia ya nyuma ili feda iendelee kufanya kazi. Kama haina, tafuta amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja. Umeme wake uchukue kwenye betri ya nyumba (ile ya sehemu ya kuishi, sio ya injini), sio kwenye waya ya redio, na fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo maana kazi yake ni kulinda waya. Kwa amplifaya ya jumla ya wati 100 hesabu kama ampea 10 ikiwa imekazwa, waya ya milimita za mraba 4 na fyuzi ya 15 zinatosha kwa mita chache. Waya ya bluu yenye mstari mweupe ya redio ndo inaiwasha na kuizima, usiisahau, la sivyo betri asubuhi imelala.

Kupanga geini, kile kitufe cha amplifaya cha kiwango cha kupokea sauti ya redio: geini iwe chini kabisa, redio robo tatu, feda katikati, alafu panda geini polepole ukiwa nje mpaka uanze kusikia mkwaruzo, ukiusikia rudi nyuma kidogo. Geini sio volyumu ya pili ya kuchezea kila siku, ukishaipanga iache. Baada ya hapo volyumu yako ya nje kwenye redio itakuwa ndogo kuliko zamani, na ndani pia patakuwa pametulia bila hata kugusa feda. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na injini, ardhi ya redio na ya amplifaya ziko sehemu tofauti, zilete sehemu moja.

Kurekebisha ladha

Nje ina upungufu wa besi na wengi wanapandisha besi mpaka mwisho. Spika ya inchi 5 au 6 haina uwezo wa kutoa besi ya chini kabisa kwenye uwazi, inachofanya ni kupiga kichwa na kupasuka. Kama amplifaya au redio ina kichujio, ikate chini ya hertz 80 mpaka 100 kwa za nje, utashangaa inavyopanda sauti bila kukwaruza. Kwa ndani, loudness inasaidia mkiwa chini sana usiku, lakini kama setingi hiyo inagusa zoni zote iache imezimwa.

Ukitazama TV ya nje na sauti inapita kwenye redio kwa bluetooth, midomo na maneno havitaenda pamoja. Tumia waya kutoka TV kwenda redio. Na usiwashe spika za TV pamoja na za ukutani, utasikia kama mwangwi.

Jirani

Spika za ukutani zinaangalia moja kwa moja kwenye eneo la jirani, na ukirudi kwenye zile desibeli 6, ukiwa na 70 kwenye mita 2, kwenye mita 16 jirani anapata kama 52, anasikia vizuri tu. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani kanuni inataja mwisho wa desibeli 60 zikipimwa futi 50 kutoka kwenye chanzo, yaani kama mita 15, na hata chini ya hapo unaweza kuambiwa uzime kama kelele haiendani na mahali na muda. Kambi nyingi zina masaa yao ya utulivu, yasome ukifika. Kinachosaidia kweli ni kuleta viti karibu na spika. Kutoka mita 4 kuja mita 2 unapata desibeli 6 bure na jirani haongezewi kitu. Tembea mpaka kwenye mpaka wa eneo lenu ukiwa na simu ile ile ya kupimia, usikilize mwenyewe.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha tepu na ukibandike ndani ya mlango wa kabati la redio: nje mchana volyumu na feda ngapi, nje usiku ngapi, ndani tu ngapi. Redio yenye waya ya njano kwenye umeme unaokatwa na swichi kuu ya betri inasahau setingi zote kila ukizima, hiyo tepu itakuokoa kuanza upya, au uhamishe njano iende kwenye umeme wa kudumu kupitia fyuzi yake. Na kila gari likitoka kukaa muda mrefu bila kutumika, kabla ya safari piga pinki noizi dakika mbili na upime tena pale kwenye viti. Upande mmoja ukiwa umeshuka kwa desibeli 3 au zaidi kuliko ulivyoandika, anza na ile spika iliyo upande unaopigwa na mvua.